Miaka 3,500 ya Dawa ya Choo, na Swali la Mjamzito

Mwaka juzi dada yangu alinipigia simu saa nne usiku. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na siku hiyo hakuanza na salamu ndefu kama kawaida yake. "Mdogo wangu, wewe si ndiye msomi wa nyumba hii? Niambie haraka, nikinywa mafuta ya nyonyo kuna shida?" Ilikuwa siku ya sita hajapata choo. Kliniki walikuwa wamempa vidonge vya kuongeza damu, choo kikawa kigumu kama jiwe, akaviacha kimyakimya bila kumwambia mtu, na choo bado hakikurudi. Jirani akamshauri kijiko kimoja cha nyonyo asubuhi kabla ya chai. Chupa alikuwa nayo tayari, ile ile anayopaka nywele.

Mimi si daktari. Utafiti wangu ni wa historia ya tiba, yaani nashinda na maandishi ya watu waliokwishakufa. Nilimwambia asinywe, na kesho yake aende kliniki akaseme yote mawili, choo na vidonge. Akauliza, kwa nini nisinywe? Mbona bibi alikuwa akitunywesha nyonyo watoto wote na hatukufa? Nilibabaika. Nilijua kuwa haifai, sikujua kwa nini. Makala hii ndiyo jibu nililompa baadaye, nikiwa nimeshasoma, na nakuletea na wewe kwa sababu jambo hili linawapata wajawazito wengi na wengi wao wanaona aibu kulitaja.

Tuanze na mwili, kwa ufupi. Mimba ikishatunga, homoni inayoitwa progesteroni hupanda sana. Moja ya kazi zake ni kuutuliza mfuko wa uzazi usijikaze kabla ya wakati. Sasa, mfuko wa uzazi umejengwa kwa aina ya msuli inayoitwa msuli laini, na ukuta wa utumbo nao umejengwa kwa msuli wa aina hiyo hiyo. Homoni ikitembea kwenye damu haichagui nyumba ya kuingia. Utumbo unapunguza mwendo, chakula kinakaa humo muda mrefu, utumbo mpana unaendelea kufyonza maji, na kinachobaki ni kikavu. Miezi ya mwisho mtoto naye anachukua nafasi. Juu yake weka vidonge vya madini ya chuma, ambavyo kwa watu wengi hufunga choo. Halafu weka na udongo. Usicheke, unaijua pemba inavyouzwa sokoni kwenye vifurushi, na unajua wanunuzi wake wakubwa ni akina nani. Udongo mwingi wa kula una madini ya mfinyanzi, na mfinyanzi mweupe, kaolini, kwa miaka mingi ulikuwa ukitiwa kwenye dawa za kuzuia kuharisha. Kwa hiyo anayetafuna pemba huku anakosa choo anakunywa dawa ya ugonjwa ulio kinyume na wake, na udongo huo huo unaweza kushika madini ya chuma yasiingie mwilini.

Shika hilo la msuli laini. Ndilo linaloeleza karibu kila kitu kinachofuata: kinachouamsha utumbo kwa nguvu kinaweza kuuamsha na mfuko wa uzazi.

Wa kale hawakujua homoni, lakini hili la pili walilijua. Mafunjo ya Misri yanayoitwa Ebers, yaliyoandikwa kama mwaka 1550 kabla ya Kristo, yana dawa kadhaa za kufungua tumbo. Mojawapo ni mbegu za mnyonyo kutafunwa na kuteremshwa kwa bia. (Usijaribu. Mbegu ya nyonyo ina risini, moja ya sumu kali zinazotoka kwenye mimea. Mafuta yaliyotengenezwa vizuri hayana sumu hiyo, mbegu yenyewe inayo.) Mnyonyo ni mmea wa huku kwetu, asili yake ni kaskazini mashariki mwa Afrika, kwa hiyo si ajabu kwamba habari zake za zamani zinatoka bonde la Nile.

Karne zipatazo kumi na moja baadaye Wagiriki wanaanza kuandika vitabu vinavyobeba jina la Hippocrates. Katika mkusanyo wao wa kanuni fupi za tiba kuna mbili zinazomhusu mjamzito moja kwa moja. Ya kwanza inasema mjamzito anaweza kupewa dawa ya kusafisha tumbo ikiwa hali inalazimisha, kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba, na hata hapo kwa kiasi. Kabla na baada ya miezi hiyo tahadhari iwe kubwa zaidi. Ya pili inaonya kwamba mjamzito akiharisha sana yuko kwenye hatari ya mimba kutoka. Nilisoma kanuni hizi mara tatu. Hawa ni watu walioamini mwili unaendeshwa na majimaji manne, hawajawahi kuliona yai la mwanamke, lakini walikuwa wamekaa na wagonjwa na kutazama.

Soranus wa Efeso, aliyefanya kazi Rumi mwanzoni mwa karne ya pili, alikwenda mbali zaidi. Kitabu chake kuhusu magonjwa ya wanawake kilisomwa kwa karne nyingi, na humo dawa kali za kuharisha zimo katika orodha ya mambo yanayoweza kuharibu mimba. Angalia vizuri: dawa ile ile ambayo mganga mmoja anaitoa kama tiba ya tumbo, mwingine ameiweka kwenye orodha ya vitu vya kutoa mimba. Kilichotofautisha ni kipimo na nia ya anayeitoa.

Halafu ikaja sanamaki. Jina lenyewe linakuonyesha njia liliyopitia kufika pwani yetu: ni sana ya Makka, majani na maganda ya mmea unaoota Uarabuni na Sudan. Matabibu walioandika kwa Kiarabu ndio walioipa heshima katika vitabu na kuisambaza mpaka Ulaya, na moja ya sababu za kupendwa kwake ni kwamba ilikuwa ya upole ukiilinganisha na mizizi mikali iliyotumika kabla yake. Mpaka leo viambato vyake vipo kwenye vidonge vya duka la dawa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "dawa za miti" na "dawa za hospitali" kana kwamba ni koo mbili zisizooana, sanamaki itakukumbusha kwamba zinaoana tangu zamani.

Kati ya hapo na karne ya 20 ningependa kupita haraka, maana ni kipindi kinachochosha na kinachotisha. Ulaya na Marekani ziliingia katika imani kwamba karibu kila ugonjwa hutibiwa kwa kumwaga kitu nje ya mwili: damu, matapishi, kinyesi. Kulikuwa na chumvi ya haluli, iliyopewa jina la mji wa Epsom huko Uingereza ambako ilipatikana kwenye maji ya kisima katika karne ya 17. Kulikuwa na kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Benjamin Rush, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, aliwapa wagonjwa wa homa ya manjano kalomeli kwa vipimo vikubwa kule Philadelphia mwaka 1793. Zebaki, jamani! Na mwanzoni mwa karne ya 20 London ilikuwa na daktari bingwa wa upasuaji, William Arbuthnot Lane, aliyeamini kwamba kinyesi kikikaa tumboni kinatoa sumu inayoingia kwenye damu, akawa anawakata watu utumbo mpana kwa sababu ya kukosa choo tu. Mwaka 1919 Walter Alvarez wa Marekani alionyesha kwamba kichwa kuuma na uchovu wa asiyepata choo vinatokana na njia ya haja kujaa na kutanuka. Ukiijaza pamba tu, pamba isiyo na sumu yoyote, mtu anapata dalili zile zile.

Imani ya Lane haikufa lakini. Kila ninapoona tangazo la "kusafisha utumbo na kutoa sumu" kwenye simu yangu namkumbuka.

Kipindi hicho hicho ndipo dawa ya choo ilipogeuka kuwa pipi. Fenolifthaleini, ile kemikali inayobadilika kuwa ya waridi ukiiweka kwenye besi maabara ya shule, mwaka 1902 iligundulika kuwa inaharisha. Miaka michache tu baadaye ilikuwa inauzwa Marekani ndani ya chokoleti. Ilinunuliwa bila cheti cha daktari kwa karibu karne nzima, na wajawazito nao walikuwa wateja kama wengine. Miaka ya 1990 majaribio ya panya yakaonyesha uvimbe wa saratani, na mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiondoa rasmi miongoni mwa dawa za kujinunulia. Karne nzima! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno "imetumika miaka mingi" halimaanishi "imepimwa".

Kilichobadilisha fikra kuhusu dawa na mimba hakikuwa dawa ya choo. Kilikuwa thalidomide, dawa ya usingizi iliyouzwa Ujerumani kuanzia 1957 na baadaye katika nchi nyingi, na iliyotumiwa pia na wajawazito kutuliza kichefuchefu. Kabla ya kuondolewa sokoni mwishoni mwa 1961 watoto zaidi ya 10,000, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, walizaliwa na viungo vilivyoharibika. Kabla ya hapo waganga wengi waliliona kondo la nyuma kama ukuta: alichomeza mama kilibaki kwa mama. Baada ya hapo, kila dawa ya mjamzito ikabeba maswali mawili badala ya moja. Inamfanyia nini mama? Na inafika kwa mtoto?

Sasa tufike sehemu ninayoipenda.

Mwaka 1953 mtafiti wa lishe wa Australia, Eben Hipsley, alichapisha makala fupi katika jarida la madaktari la Uingereza. Alikuwa anajiuliza kwa nini sumu ya mimba, hali ya mjamzito kupanda presha na kuvimba ambayo ikizidi huleta kifafa cha mimba, ilionekana kuwa kidogo katika jamii zinazokula vyakula visivyokobolewa. Ili kuitaja ile sehemu ya mmea ambayo mwili hauimeng'enyi akatumia maneno mawili ambayo leo yako kwenye kila pakiti ya nafaka: nyuzinyuzi za chakula, au makapimlo kama vitabu vyetu vya sayansikimu vinavyoyaita. Yaani jina hili, ambalo leo tunalihusisha na wazee wenye sukari na watu wanaopunguza mwili, lilizaliwa katika makala ya wajawazito. Dhana yake kuhusu kifafa cha mimba haikuwa tiba, na mtu asiache kupima presha eti anakula dona. Ila jina lilibaki.

Waliolichukua walikuwa watu wa Afrika Mashariki, au tuseme Waingereza waliofundishwa na Afrika Mashariki. Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, akafanya kazi kwa miaka mingi Uganda, na mwaka 1960 akatoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland mwenye jicho moja, alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira kabla ya kwenda Mulago, Kampala. Wewe huenda unamjua kwa saratani ya taya ya watoto inayobeba jina lake. Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alianza kujiuliza swali jingine: kwa nini magonjwa yaliyojaza wodi za London, kama bawasiri, kidole tumbo na vifuko vya utumbo mpana, alikuwa akiyaona mara chache sana Mulago?

Basi akaanza kupima kinyesi. Ndiyo, kinyesi. Yeye na wenzake, Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, waliwapa watu vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei wavimeze, kisha wakakusanya choo kwenye mifuko ya plastiki na kukipiga picha kuona vipande vimetoka lini. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 1972, yalionyesha kwamba kwa wanamaji wa Uingereza safari kutoka mdomoni mpaka nje ilichukua zaidi ya saa 80, na choo cha siku kilikuwa kama gramu 100. Kwa wanavijiji wa Uganda safari ilikuwa kama saa 36 na choo kilizidi gramu 400. Tofauti kubwa waliiona kwenye sahani: mkate mweupe upande mmoja, na upande wa pili matoke, viazi, maharage na nafaka zenye pumba zake.

Burkitt aliyakuza mambo. Aliamini nyuzinyuzi zinaeleza karibu magonjwa yote ya Ulaya, na mara nyingine alizungumza kana kwamba mwanakijiji wa Uganda hana shida nyingine duniani. Pia mtu kutofika Mulago na bawasiri si lazima iwe na maana kwamba hana bawasiri. Huenda ameona aibu, au hana nauli. Lakini katika suala la choo kigumu alikuwa sahihi. Nyuzinyuzi zinashika maji, zinalisha bakteria wa utumbo mpana, zinafanya mzigo uwe mkubwa na laini, na utumbo unausukuma bila kuchokozwa na kemikali yoyote. Hazifyonzwi kwenda kwenye damu, kwa hiyo lile swali la pili, la kufika kwa mtoto, linajibika lenyewe.

Je, kuna aliyepima kwa wajawazito? Kidogo, na hili linanikera. Kwa miongo mingi ushahidi wenyewe wa majaribio ulisimama juu ya tafiti mbili ndogo. Moja ya mwaka 1973 ililinganisha dawa za kuchochea utumbo na zile za kuongeza ujazo: za kuchochea zilifanya kazi zaidi, lakini zilileta maumivu ya tumbo na kuharisha zaidi. Ya pili, ya mwaka 1985, iliwahusisha wanawake 40 tu wa Uingereza waliokuwa kwenye miezi mitatu ya mwisho. Walioongezewa nyuzinyuzi kwa wiki mbili walipata choo mara nyingi zaidi. Ni kwa ushahidi wa aina hiyo kwamba mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito, lilisema pumba za ngano au nyuzinyuzi nyingine za nyongeza zinaweza kutumika ikiwa kubadili chakula hakujasaidia. Tatizo la mamilioni ya wanawake kila mwaka, na watafiti waliona aibu kulichunguza kama wagonjwa walivyoona aibu kulisema.

Na nyonyo je? Jibu la dada yangu lilitoka Ujerumani mwaka 2012. Watafiti walionyesha, kwa panya, kwamba asidi inayotoka kwenye mafuta ya nyonyo inashika kipokezi fulani kwenye msuli laini wa utumbo, utumbo unajikaza, mtu anaharisha. Kipokezi hicho hicho kipo kwenye msuli wa mfuko wa uzazi, na huko nako ikajikaza. Ndiyo maana wakunga wa mabara mengi wamewahi kuyatumia mafuta haya kuleta uchungu mimba ikishapevuka. Kwa mwenye miezi mitano hilo si jambo la kuchezea. Bibi alikuwa akitunywesha sisi watoto. Sisi hatukuwa na mimba.

Kliniki, muuguzi hakumgombeza. Alimuuliza anakula nini, na jibu lilikuwa chai na mkate mweupe asubuhi, ugali wa sembe mchana, wali usiku. Akamwambia ahamie dona, aongeze maharage, matembele, papai na maembe ya msimu, anywe maji ya kutosha kila siku, kwa sababu pumba bila maji hukaza badala ya kulainisha. Atembee. Haja ikimshika asiiahirishe. Akikaa chooni asijikamue, na kama ni choo cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu. Pemba aiache. Vidonge vya damu arudie, avimeze baada ya chakula, na vikimshinda tena arudi wapange upya kipimo, asiviache mwenyewe. Upungufu wa damu ndio unaoua wakati wa kujifungua, choo kigumu kinatesa tu. Akapewa na dawa ya maji iitwayo laktulosi ya kutumia kama wiki ingepita bila nafuu. Ni sukari ambayo utumbo hauwezi kuifyonza, inavuta maji kuingia kwenye choo. Alimwambia vilevile kwamba vidonge vya sanamaki mhudumu anaweza kumwandikia mjamzito kwa siku chache inapobidi, lakini majani ya kuchemsha nyumbani hayana kipimo, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mambo ya kumkimbiza hospitali siku hiyo hiyo aliandikiwa nyuma ya kadi: damu kwenye choo au ukeni, tumbo linalouma kwa kukaza na kuachia, kutapika huku tumbo limejaa na hata hewa haitoki, au kuharisha sana baada ya kunywa dawa yoyote.

Choo kilipatikana siku ya tatu ya dona na papai. Alinitumia ujumbe wa sauti kunitangazia, mrefu kuliko nilivyohitaji.